Kilichowekwa Kushoto

Niliporudi ghalani baada ya mazishi ya mama, nilikuta nafasi yake imeshakaliwa. Sikushangaa wala sikukasirika. Kazi yetu ya kuchambua maharagwe inataka watu wawili kwa kila turubai, uso kwa uso, magoti karibu yagusane, na msimamizi hawezi kuacha turubai likae na mtu mmoja eti kwa sababu mtu kafiwa. Nilikaa mahali pangu, nikakunja sketi, nikaanza.

Aliyewekwa mbele yangu tulimwita Redio, maana alikuwa hazimiki.

"Pole sana, mwanangu," aliniambia. "Mimi mama yangu alipokufa nililia mpaka nikapata kwikwi. Wewe umelia?"

"Bado."

"Bado? Unasubiri nini, foleni?"

Wanawake wa turubai la jirani walicheka, kisha wakanitazama kuona kama nimechukia. Sikuwa nimechukia. Nilikuwa nimeona punje yenye tundu la mdudu, nikaitoa.

Watu wengi hudhani tunachagua maharagwe. Hatuchagui maharagwe. Gunia linamwagwa katikati, mkono unatembea juu yake na kutoa kisichotakiwa tu: kijiwe, kijiti, punje iliyosinyaa, iliyotobolewa, iliyopasuka. Kinachotolewa kinaingia kwenye ndoo ya kushoto. Kizuri hakiguswi, kinabaki palepale kilipomwagwa, na hicho ndicho chakula cha watu. Ukucha wa kidole gumba tunaufuga kwa ajili ya kubandua udongo ulioganda kwenye punje, na wangu ni mrefu kuliko wa wote, ndiyo maana ghalani wananiita Kucha. Ukikaa na kazi hii, jicho linaacha kuona kizuri, linapita juu yake kama hakipo. Mama alikuwa akinicheka tukiwa njiani kurudi nyumbani. "Wewe hata ukiingia peponi," alisema, "utaona utando wa buibui kwanza."

Nyumbani tulibaki wawili, mimi na mdogo wangu, Kitinda, ambaye yuko sekondari. Baba alitangulia mbele ya haki, Kitinda akiwa bado wa kubebwa. Tunapanga chumba kimoja kilichokatwa kwa pazia: upande mmoja kitanda cha mama na kabati, upande wa pili godoro letu, jiko na ndoo za maji.

Siku watu walipotawanyika msibani, shangazi yetu, dada wa baba, alivuta kiti katikati ya chumba akasema bila kuzunguka.

"Jumamosi nakuja na gari la mizigo. Tuchambue vitu vya marehemu, cha kugawa kigawiwe, cha kutupwa kitupwe. Na huyu mdogo nitaondoka naye. Kwangu kuna vyumba, kuna wenzake. Shule tutamtafutia hukohuko, ikipatikana."

"Isipopatikana?" Kitinda aliuliza.

"Isipopatikana, cherehani zipo. Mimi nimekula kwa cherehani na sijafa." Kisha akanigeukia. "Wewe mwanangu ushakuwa mtu mzima, una kazi yako. Au una neno?"

Nilikuwa na vikombe vya chai mkononi. Nilitazama ndani ya kimoja, chini kilikuwa na majani yaliyoganda upande.

"Sina, shangazi."

Shangazi si mtu mbaya, nataka ieleweke. Msiba wote aliubeba yeye. Alipika, aliosha, aligombana na wachimba kaburi mpaka wakachimba upya, na usiku alilala kwenye kiti ili wageni wapate godoro. Ni mtu tu ambaye akiona kitu kimesimama hana raha mpaka akisukume.

Alipoondoka, Kitinda alikaa ukingoni mwa kitanda cha mama.

"Dada, unataka niende?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, Kitinda."

Na kweli sikujua. Nilijitafuta ndani nikakuta kama nyumba ambayo wenyewe wamehama. Kuta zipo, mlango upo, ukipiga hodi hakuna wa kuitikia. Alisubiri kidogo, halafu akalala akageukia ukutani. Hakuuliza tena kwa maneno hayo. Aliuliza kwa njia nyingine, nami sikusikia.

Mwalimu wao wa Kiswahili alikuwa amewapa kazi. Kila mwanafunzi achague kitenzi kinachotumika sana kwao, aulize watu maana zake na kilikotoka, kisha asimame mbele ya darasa aeleze. Kitinda alichagua kuchambua. Mchana mmoja katikati ya wiki alikuja ghalani akiwa na sare, amebeba viatu mkononi asivichafue.

"Shikamooni."

"Marahaba, msomi!" Redio alisema. "Umekuja kutunyang'anya kazi?"

"Nimekuja kuuliza. Kuchambua ni nini?"

Redio aliitazama mikono yake, yenye vumbi mpaka kwenye viwiko. "Mtoto huyu ananitania. Si hiki hapa? Au umekuja kupima macho?"

"Nataka maana zake zote. Na neno lenyewe lilitoka wapi."

Msimamizi alikuwa anapita na mizani. Alijibu bila kusimama. "Kuchambua ni kutenga kibaya na kizuri, basi. Na wanaochambua huwa hawaongei."

"Mbona wale wanaochambua mpira redioni wanaongea kutwa nzima?" mmoja alimtupia mgongoni.

"Wale wamekaa kwenye kiti chenye mgongo," Redio alisema, akijinyoosha kiuno. "Na mimi nipe kiti chenye mgongo nikuchambulie dunia yote, na mbinguni nikuonjeshe."

Mkongwe wetu pale ghalani anaitwa Bibi Pamba. Yeye alisema kuchambua kulianzia kwenye pamba, kwa uhakika wa mtu ambaye aliokuwa nao wote wamekufa na hakuna wa kumbishia. "Kabla ya mashine tulichambua kwa vidole. Mbegu iko katikati, pamba imeishikilia pande zote. Unabana mbegu, unavuta nyuzi. Na haitoki safi hata siku moja. Mbegu inaondoka na manyoya yake."

"Mimi kwetu nilisikia ni karafuu," mwingine alisema. "Unazitoa kwenye vikonyo vyake."

"Karafuu zimekuja juzi."

"Kwani ulikuwepo?"

"Nilikuwepo kuliko wewe."

Kitinda hakucheka. Alikuwa amesimama nyuma ya bega la Redio. "Mwalimu anasema maneno mengi yanayoishia hivyo yanarudisha nyuma jambo lililofanyika. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Ziba, zibua. Sasa chambua inarudisha nyuma nini? Kabla yake kulikuwa na nini?"

Redio akainua kichwa.

"Kuchamba!"

Ghala zima liliangua kicheko. Bibi Pamba alicheka mpaka akashika turubai asianguke. "Usiende kulisema hilo darasani," alimwambia Kitinda, akifuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Huyu mwehu atakufukuzisha. Kabla yake vitu vilikuwa pamoja tu, mjukuu wangu. Nani anahangaika kutafutia hali hiyo jina?"

Kitinda alinigeukia mimi. Hapo nyuma ya Redio uso wake ulikuwa umekaa pale ambapo uso wa mama ulikuwa ukikaa akisimama kujinyoosha.

"Na wewe, dada? Wewe unasemaje?"

Niliuona ule uso. Niliona amebana midomo. Niliona vyote, na hakuna nilichofanya navyo.

"Ni kama alivyosema msimamizi," nilijibu. "Kibaya unakitoa, unakiweka kushoto."

"Basi?"

"Basi."

Aliitazama ndoo ya kushoto, akavaa viatu, akaaga watu kwa adabu, akaondoka.

Ijumaa ilishushwa shehena iliyonyeshewa njiani. Tulipofungua gunia la kwanza lilitoa harufu ya nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Punje nyingi zilikuwa nyeusi, nyingine zimeanza kuota. Mzigo wa namna hiyo huja kwa nadra, na kuuchambua kwa kawaida ni kupoteza siku, kwa hiyo msimamizi alipiga makofi akasema, "Geuzeni mkono!" Ukigeuza mkono unafanya kinyume. Unatoa nzima, moja moja, unaiweka kushoto kwenye ndoo safi, na bovu lote linabaki katikati likamwagwe. Mwanzoni inasumbua, kidole kinakimbilia ubovu kwa mazoea. Baadaye kinazoea, na kufika jioni hakijui tena njia ya zamani. Nilifika nyumbani nikiwa bado nimegeuza mkono, nikatoa kijiko kizuri kwenye vyombo vichafu nikakiweka pembeni peke yake bila kujua ninafanya nini.

Jumamosi asubuhi Kitinda alienda masomo ya ziada. Nilibaki nichambue chumba kabla shangazi hajafika. Nilifungua kabati, nikashusha masanduku, nikakusanya mpaka vilivyokuwa uvunguni, nikamwaga kila kitu katikati ya sakafu. Magauni ya mama. Shuka zenye madoa yasiyotoka. Chupa za dawa, nyingine zikiwa zimejaa. Mto wake, mafaili ya picha za kifua, kandambili, nguo zangu, nguo za Kitinda, pazia. Nilisimama nikalitazama lile rundo, na mkono ukalitambua kabla yangu. Lilikuwa gunia lililonyeshewa.

Nilipiga magoti nikaanza kutoa kilicho kizima. Ilitoka sare ya pili ya Kitinda. Yakatoka madaftari yake, viatu vya shule, blanketi jipya, sweta ambalo mama alimfumia akiwa tayari anakohoa. Nilivipanga kwenye begi la zipu, nikaliweka kushoto, karibu na mlango, ili nikalihifadhi kwa jirani. Nilijua shangazi akianza kugawa hachagui, angeweza kumpa mtu mwingine blanketi na sweta likafuata. Vitu vyangu sikuvitoa. Si kwamba niliamua hivyo. Sikuviona.

Nilibisha kwa jirani, mama anayeuza mkaa, nikakuta kufuli. Basi begi nikaliacha palepale mlangoni, nikafagia, nikaweka maji ya chai.

Kitinda aliporudi hakuingia moja kwa moja. Aliliangalia rundo katikati. Akaliangalia begi. Akainama akafungua zipu kidogo, akaona kola ya sare yake, akafunga polepole.

"Umeshamaliza," alisema.

"Bado kidogo. Chai ipo."

"Sitaki chai."

Akalikalia begi, mkoba wa shule magotini. Nilidhani amechoka na jua.

Shangazi aliingia hodi ikiwa bado mdomoni. Nyuma yake alikuwa dereva wa gari la mizigo, mwanamume mnene aliyekipima kitanda kwa macho akaguna.

"Pole na kazi, mwanangu," shangazi alisema, akizunguka rundo. Mara akaona begi. "Mambo si hayo! Hata mizigo ya mtoto iko tayari! Mimi nilikuwa najiuliza njia nzima nitamtoaje, kumbe mwenzangu ameshanirahisishia."

"Siyo hivyo, shangazi, hilo begi..."

"Nitaenda," Kitinda alisema. Hakunitazama. "Niko tayari, shangazi. Twende tu."

"Umemsikia? Mtoto mwenyewe ana akili kuliko sisi."

Maneno yalinifikia yakasimama mlangoni. Nikasema moyoni, kumbe anataka kwenda. Dereva alikuwa ameshika kitanda upande wa kichwani, akaniomba nishike miguuni. Nikashika. Tulikipitisha kwa ubavu, kikakwaruza fremu ya mlango, rangi ikatoka. Likafuata kabati. Shangazi alichambua rundo akiwa amesimama, kwa ncha ya mguu: hizi za kuchoma, hili apewe dada yangu wa kanisani, hizi dawa zirudishwe hospitali, wapo wasio nazo. Nilisema ndiyo kwa kila kitu.

Kitinda alipanda mbele, kiti cha katikati, begi mapajani. Nilikwenda dirishani kumpa chupa ya maji, kwa sababu safari ni ndefu. Hakuipokea.

"Dada, ungeniambia tu kwa mdomo."

"Nikuambie nini?"

"Kwamba unataka niondoke. Hakukuwa na haja ya kuniweka kushoto."

Nilimtazama.

"Ulisema mwenyewe pale ghalani, watu wote wakisikia. Kibaya unakitoa, unakiweka kushoto. Likizo zote nilizomsaidia mama nilikuwa namwaga hiyo ndoo mimi. Nimerudi nakuta umenitoa mimi na kila kilicho changu. Vyako vyote umevibakiza pale katikati." Alisema bila kupandisha sauti, kama anayesoma darasani. "Nimeelewa. Siyo vibaya. Lakini ungesema."

Nilitazama mkono wangu ulioshika chupa.

"Kitinda, nilikuwa nimegeuza mkono."

"Umefanya nini?"

"Hujawahi kuona. Mzigo ukinyeshewa, bovu likawa ndilo jingi, hatutoi bovu. Tunatoa zima. Bovu tunaliacha palepale lipelekwe jalalani. Jana tumefanya hivyo kutwa nzima, mkono ukakaa hivyo." Nilikuwa naongea taratibu, kila neno nikilitafuta mahali pake. "Kwenye chumba kile nimeona vya kwako tu ndivyo vizima. Nilitaka nivifiche kwa jirani shangazi asivigawe."

"Na vyako?"

"Vyangu sijui. Sikuviona."

Dereva alipiga honi kwa kiganja. "Mama, tunaondoka au nizime gari nipikiwe?"

"Kwa hiyo unataka niende au hutaki?" Kitinda aliuliza.

"Sijui" lilikuwa tayari mdomoni, kwa sababu ndani bado hapakuwa na kitu. Wiki nzima nilikuwa nasubiri nihisi kwanza ndipo nijibu, kama mtu anayesubiri maji yachemke bila kuwasha jiko. Nikaona kwamba nikiendelea kusubiri, gari litafika huko linakokwenda, mtoto atakalishwa kwenye cherehani, na mimi nitakuwa bado nimesimama hapa na chupa.

"Sitaki," nilisema. Sauti ilitoka kavu, kama ya mtu aliyeulizwa kama anataka chumvi. "Shangazi, Kitinda haendi."

Shangazi alikuwa anafunga kamba ya kabati. Aliiacha. "Haendi wapi?"

"Anabaki na mimi."

"Kitanda changu kimeshapanda, kabati limeshapanda, ndipo unapata kauli? Siku ile nimekuuliza una neno, umesema huna!"

"Sikuwa nalo."

"Na leo umelipata wapi, sokoni? Nani atamwangalia huyu? Wewe? Wewe ambaye hata mama yako hujamlilia? Watu wameniuliza msibani kama una akili timamu, nikawajibu hivyohivyo tu."

"Mchana yuko shule, mimi niko kazini. Jioni tuko wote."

"Akiugua?"

"Mama aliugua, shangazi. Nilikuwepo."

Shangazi alikuwa amekuja kila alipoweza, na kila alipokuja alinikuta nimeshika beseni. Alifumba macho kidogo, akafuta jasho na mkono uleule wenye vumbi la kamba, ukamwachia mstari kwenye paji la uso.

"Wewe mwenyewe unasemaje?" alimuuliza Kitinda.

Kitinda alikuwa ameshafungua mlango wa gari.

"Watoto wa kaka yangu," shangazi alimwambia dereva, "vichwa vyao ungejengea nyumba." Kisha kwetu: "Shule ikifungwa nakuja. Nikikuta amekonda au ameacha masomo, siulizi mtu, nambeba. Mmenisikia? Kitanda sirudishi. Nimechoka kukitafutia gari."

"Asante, shangazi."

"Asante ya nini? Usinishukuru, nimekasirika."

Gari liliondoka likipinda, kabati likiyumba juu kama mlevi. Majirani waliokuwa milangoni walirudi ndani mmoja mmoja.

Chumbani palikuwa papana ghafla. Mahali pa kitanda saruji ilikuwa nyeusi zaidi, yenye vumbi laini lisilowahi kukanyagwa. Kitinda alisimama hapo akalia, kwa kelele, bila kuficha uso. Nilimsogelea nikasimama karibu naye, bega kwa bega, maana sikujua mikono niipeleke wapi. Alilia mpaka akachoka. Mimi halikunijia hata tone.

"Godoro tuliweke wapi sasa?" aliuliza, akipangusa pua kwa mkono wa sare.

"Popote."

"Popote siyo mahali, dada. Sema."

Nilizungusha macho chumbani. Ilinichukua muda.

"Pale, chini ya dirisha."

"Haya. Shika huko."

Alishika pembe za upande wake, nami nikashika za kwangu. Lilikuwa zito kuliko nilivyokumbuka, likanikata vidole. Aliposema inua, nikainua.